Nusu kidonge cha bibi

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza kwa nini daktari kamwandikia bibi nusu kidonge cha digoksini, wakati mzee wa jirani anayeumwa moyo kama yeye anameza kizima kila asubuhi. Unahofia bibi anapunjwa kwa kuwa ni mzee.

Hapunjwi. Miaka yote niliyokuwa nesi wodini, dawa hii ilinitisha ilipozidi, si ilipopungua. Dozi inayotibu na dozi inayodhuru zimekaribiana mno. Kinachoitoa mwilini ni figo, na figo za mtu wa miaka 80 hazichuji kama zako. Hata kipimo cha kreatinini, kile cha damu kinachoonyesha figo zinavyochuja, kinaweza kukudanganya: kreatinini inatokana na misuli, na bibi yako misuli imebaki wapi? Majibu yatasomeka mazuri huku figo zimechoka. Daktari makini anahesabu na umri na uzito.

Halafu ni mwanamke. Mwaka 1997 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa digoksini uliofanyika Marekani na Kanada, wagonjwa 6,800 ambao moyo wao umeshindwa kusukuma damu vizuri. Dawa haikupunguza vifo, ila ilipunguza kulazwa. Wanawake humo hawakufika hata robo. Mwaka 2002 watafiti wakawachambua wanawake peke yao, wakakuta waliopewa digoksini walikufa zaidi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Uchambuzi wa baadaye ukaonyesha hatari iko hasa pale kiwango cha dawa kwenye damu kinapopanda. Mimi jambo hili linaniudhi mpaka leo: dozi imepimwa zaidi kwa wanaume, kisha wanaandikiwa wote.

Kwa hiyo nusu yake ni dozi yake, na ya mzee wa jirani ni ya mzee wa jirani. Wasiazimane vidonge, hata siku moja dawa ikiisha.

Usimwache akate kidonge kwa meno, najua tabia yake. Kinavunjika kombo, leo anameza robo, kesho robo tatu. Uliza duka la dawa kama wana cha miligramu 0.125, yaani nusu ya kile cha 0.25; kama hakuna, kata mwenyewe kwa wembe mpya, pale penye mstari.

Kabla hujampa, mshike mapigo kwenye kifundo cha mkono dakika nzima. Yakiwa chini ya 60, usimpe, piga simu kliniki kwanza. Akisukuma sahani ya uji siku mbili, akitapika, akichanganya majina yenu, au akisema ukuta umekuwa wa manjano, usiseme ni uzee. Mpeleke siku hiyo hiyo. Akiharisha pia usingoje, maana ile Lasix anayotumia kutoa maji mwilini tayari inampotezea madini ya potasiamu, na potasiamu ikishuka digoksini inakuwa kali zaidi.

Na diklofenaki ya maumivu ya magoti muiache. Inaumiza figo na kurudisha maji mwilini, yale yale mnayohangaika kuyatoa.

Siku ya kliniki beba vidonge vyake vyote kwenye mfuko mmoja, na ile mitishamba aliyoletewa na shangazi yako usiifiche. Omba apimwe kreatinini na potasiamu. Majibu yakitoka, piga picha unitumie.

Msalimie sana bibi.

Mama yako