Kituo Kikae Wapi? Hilo Tuulizwe Mapema

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Mji unapopanga njia mpya ya reli nyepesi (treni ndogo za umeme za mjini), wananchi washirikishwe kwa kiasi gani, na kazi ya wataalamu ianzie wapi?"

Mimi naona kiasi si hoja. Hoja ni wanaulizwa lini na wanaulizwa nini. Mnaweza kuitisha mikutano kila wiki mwaka mzima, mkagawa vipeperushi na chupa za maji, na msiwe mmemshirikisha mtu hata mmoja, kwa sababu njia imeshachorwa, vituo vimeshahesabiwa na fedha zimeshaombwa kwa hesabu hizo hizo. Anayeitwa mkutanoni wakati huo anaitwa kuvishwa kilemba cha ukoka. Atasifiwa kwa maoni yake mazuri, atapigwa picha akinyoosha kidole kwenye ramani, na picha itawekwa ukurasa wa mbele wa ripoti. Ramani itabaki vilevile.

Mfano ninaourudia kila mjadala huu unapozuka ni wa Saint Paul, jimbo la Minnesota nchini Marekani. Huko ilipangwa njia ya kama kilomita 18 kuunganisha mji huo na pacha wake Minneapolis, ikipita kwenye barabara ya University Avenue. Upande wa Saint Paul barabara hiyo inapita katikati ya mitaa ya wahamiaji, Wamarekani weusi na familia nyingi zisizo na gari. Pia kulikuwa na kidonda cha zamani. Miaka ya 1950 na 1960 barabara kuu ya I-94 ilipasuliwa katikati ya Rondo, mtaa wa watu weusi uliokuwa jirani, na mamia ya familia zikang'olewa. Kwa hiyo serikali iliporudi na ramani nyingine mkononi, watu waliikagua sentimita kwa sentimita.

Waliona jambo ambalo mtu wa nje asingeliona. Kwingine vituo vilikuwa karibukaribu. Kwao vilikuwa vimeachana kwa kama kilomita moja na nusu. Na basi lililokuwa likisimama karibu kila kona lingepunguzwa treni ikianza. Maana yake reli ingepita mbele ya dirisha la mtu anayeihitaji kuliko wote, imwachie kelele na vumbi, kisha ikapakie abiria mbele.

Kwa nini? Hakukuwa na mtu mbaya aliyekaa ofisini akapanga kuwanyima. Kulikuwa na kanuni ya hesabu. Serikali kuu ilitarajiwa kutoa nusu ya gharama, na ili mradi upate fedha hizo ulipimwa kwa kipimo kilicholinganisha gharama na muda ambao abiria wangeokoa. Kituo kipya ni saruji, chuma na umeme, basi gharama inapanda. Kituo kipya ni kusimama tena, basi mwendo unapungua. Kwa kila upande kilishusha alama za mradi. Ungeweza kuwaleta wahandisi wote wa mji kwenye ukumbi, ukawabembeleza mpaka usiku wa manane, wangekujibu kwa huruma kwamba mikono yao imefungwa. Na wasingekuwa wanadanganya.

Wakazi walifanya nini? Walijiunga kwenye muungano wa vikundi vya mitaa, dini na haki za raia, wakadai vituo vitatu kwa majina yake: Western, Victoria na Hamline. Kisha wakajifunza kile kipimo, nacho wakakigeuza kuwa ajenda. Hawakuishia kuuliza kituo kiwekwe wapi. Walihoji kwa nini kanuni inamthamini anayepita kwa kasi kuliko anayeishi pale. Januari 2010 serikali kuu ilibadili namna ya kupima miradi ya usafiri, na haikupita muda mrefu fedha za vituo vyote vitatu zikapatikana. Njia ilifunguliwa tarehe 14 Juni 2014, na treni zinasimama Western, Victoria na Hamline.

Ndiyo maana sipendi kusikia ofisa akisema "tutawashirikisha kwenye hatua ya usanifu". Usanifu ni rangi ya viti na umbo la paa. Yaliyo na uzito hukatwa kwenye upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa awali wa kama mradi unafaa, wakati jedwali la vigezo linapoandikwa na watu watano ndani ya chumba kimoja. Jedwali hilo ndilo nataka libandikwe ukutani. Kasi imepewa alama ngapi? Idadi ya kaya zisizo na gari ndani ya mwendo wa dakika tano kwa miguu imepewa alama ngapi? Au haikupewa kabisa?

Katika mradi uleule wa Saint Paul lipo jambo jingine linalonikera, nalisema kwa kifupi. Treni zilipangwa kupita katikati ya Chuo Kikuu cha Minnesota, na chuo kikaingia wasiwasi kwamba mtikisiko na mawimbi ya sumaku yangevuruga vipimo vya maabara zake. Kilikuwa na wanasheria na wataalamu wake, kikaenda mahakamani, na mwishowe yakafikiwa makubaliano ya kuzilinda mashine. Sina ugomvi na maabara. Ila hapo unaona kuwa wapo wanaoshirikishwa kwa barua ya wakili na wapo wanaoshirikishwa kwa karatasi ya maoni. Mwenye duka dogo la kurithi hana wakili. Wafanyabiashara wadogo walipoungana na tawi la Saint Paul la NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, ndipo kesi ikafunguliwa, na Januari 2011 jaji aliamua kwamba tathmini ya athari za mradi haikuchambua vya kutosha hasara ya mapato ambayo biashara zingepata wakati wa ujenzi. Hakuusimamisha ujenzi, lakini aliagiza pengo lile lizibwe. Hebu fikirieni: kurasa kwa kurasa za tathmini, na swali ambalo muuza viatu angeliuliza dakika ya kwanza, "nitauza nini barabara ikiwa shimo?", halikupata jibu la maana.

Sasa nigeukie upande wa pili wa swali lenu, maana sitaki nionekane kama nasema kila kitu kipigiwe kura.

Mimi siulizwi kuhusu volti 750 za waya wa juu. Siulizwi mkunjo wa reli uwe na nusu kipenyo gani, wala mteremko gani behewa linaweza kuupanda likiwa limejaa na mvua inanyesha. Kuna mambo yasiyojadiliwa na umati, na mhandisi anayejifanya kuyaleta mkutanoni ili aonekane msikivu anapoteza muda wa watu. Afadhali atuambie waziwazi: haya yamefungwa na sababu yake ni hii, haya yako wazi, tusaidieni.

Tukisaidia, tunasaidia kwa kitu ambacho yeye hana, yaani mwendo wa kila siku. Los Angeles, njia ya Expo ilipangwa kuvuka barabara ya Farmdale usawa wa ardhi, pembeni kabisa ya shule ya sekondari ya Dorsey. Kengele ya kutoka ikilia, wanafunzi wanamiminika barabarani kwa pamoja. Wazazi na majirani walipinga kwa nguvu; walitaka treni ipite juu au chini, si katikati ya watoto. Mvutano ukawa mkubwa hadi kwenye tume ya jimbo inayosimamia usalama wa makutano ya reli. Kilichopatikana hakikuwa matakwa kamili ya upande wowote. Kilijengwa kituo palepale Farmdale, jukwaa likakaa kabla ya kivuko kwa kila upande, ili treni iwe imesimama kwanza ndipo ivuke pole pole mbele ya shule. Wapo waliobaki na kinyongo, wakisema daraja ndilo lililostahili. Lakini shule nzima ilipata kituo ambacho hakikuwa kwenye mpango wa awali, na treni ikapunguzwa kasi mahali penye watoto. Wazo la namna hiyo hulipati mpaka mtu anayeijua saa ya kengele akutane na mtu anayejua umbali wa breki.

Kwa hiyo nikiulizwa mkutano mzuri ukoje, nasema usiwe ukumbini. Nendeni barabarani saa ambayo watu wanatoka kazini. Pigeni mistari ya chaki kwa vipimo halisi: njia mbili za reli, jukwaa, uzio na nafasi iliyobaki kwa magari. Kisha mwiteni mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo kichwani, mwiteni anayetumia kiti cha magurudumu, mwiteni mzee mwenye fimbo, mwambieni kila mmoja avuke kutoka nyumba hii hadi duka lile. Mhandisi ashike saa. Mistari ya chaki hufutika kwa mvua moja. Uzio wa chuma haufutiki. Mjini Addis Ababa, ambako reli nyepesi ilianza kazi Septemba 2015, sehemu zinazopita usawa wa ardhi zimezungushiwa uzio, na malalamiko ya watembea kwa miguu kwamba wanalazimika kuzunguka mbali ili wavuke yamekuwa wimbo. Barabara iliyokuwa mtaa mmoja inageuka kingo mbili za mto.

Tatizo la ukumbi ni kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Saa nane mchana siku ya kazi anakuja nani? Wastaafu, wenye majengo, wanasiasa chipukizi na mtu mmoja ambaye hupinga kila kitu tangu zamani. Abiria wenyewe wako kazini. Mwenye nyumba atasema reli itapandisha thamani ya mtaa, na atapigiwa makofi. Mpangaji wake, ambaye kwake maneno hayohayo maana yake ni kodi kupanda, hayupo kulijibu. Anayesafisha ofisi usiku na kurudi nyumbani alfajiri hayupo kuuliza treni ya kwanza itaondoka saa ngapi. Waulizeni ndani ya mabasi wanayopanda sasa, maana ndio hao hao watakaohamia kwenye treni. Waandikieni kwa lugha wanayozungumza nyumbani. Mkiwahitaji jioni, wekeni mtu wa kuangalia watoto. Na ofisa atakayesema hayo ni gharama, alinganishe na gharama ya kuhamisha kituo kimoja tu.

Je, kura ya wote ina nafasi? Ipo, ila kwa swali kubwa la mwanzo. Strasbourg nchini Ufaransa ilifanya hivyo mwaka 1989. Uchaguzi wa mji ulikuwa kwa sehemu kubwa ni kuchagua baina ya treni ya chini ya ardhi isiyo na dereva na tramu, yaani reli nyepesi inayopita juu ya barabara. Wafanyabiashara wengi wa katikati ya mji waliiogopa tramu kwa sababu ya ujenzi na kunyang'anywa nafasi ya magari. Catherine Trautmann aliyeitetea tramu akashinda umeya, na Novemba 1994 tramu ikaanza kutembea. Walichoamua wapiga kura kilikuwa ni mji wao utoe barabara kwa nani. Baada ya hapo wataalamu walikuwa na agizo linaloeleweka, na ubishi uliobaki ulikuwa wa kawaida, wa mti gani ubaki na gari la mizigo lipite saa ngapi.

Ombi langu la mwisho ni karatasi. Kila mradi utoe jedwali la safu tatu: wananchi walisema nini, mradi ulibadili nini, na kama haukubadili, kwa nini. Safu ya tatu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Watu wazima wanaweza kukataliwa na wakaelewa, mradi waambiwe sababu yenye namba ndani yake; kinachowachosha ni kuambiwa "maoni yenu yamepokelewa" kisha kimya. Hiyo ni danganya toto.

Na jedwali hilo litoke kabla zabuni haijatangazwa. Mkataba ukishasainiwa, kituo unachoongeza, kivuko unachosogeza, hata bomba la maji lililokutwa mahali ambapo ramani haikulionyesha, vyote vinaitwa mabadiliko ya mkataba, na kila badiliko lina bei yake na siku zake za nyongeza. Waulizeni watu wa Edinburgh, huko Uskoti. Magomvi ya mkataba na kazi ya kuhamisha mabomba na nyaya viliusokota mradi wao wa tramu hadi ukafunguliwa Mei 2014 kwa pauni milioni 776, ukiwa mfupi kuliko walivyoahidiwa. Wafanyabiashara wa Leith Walk, ambao barabara yao ilichimbwa kwa ajili ya tramu tangu mwanzo, waliiona ikifika mlangoni kwao Juni 2023.