Maswali na Majibu: Miti Shamba, Kumbukumbu na Utulivu wa Akili

Barua nyingi zilizotufikia hivi karibuni kutoka Dodoma na Singida zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: ni jani gani, mzizi gani au unga gani unaoimarisha kumbukumbu. Nimechagua baadhi ya barua hizo na kuzifupisha bila kubadilisha maana.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, ninaishi Ng'ong'ona. Wenzangu wananunua vidonge vya ginko na vinywaji vya kuongeza nguvu kila mitihani inapokaribia. Je, vinasaidia?

Marahaba. Ginko ni mti wenye asili ya China, na majani yake yamechunguzwa kuliko karibu kila jani jingine linalouzwa kwa ajili ya ubongo. Nchini Marekani wazee zaidi ya 3,000 wenye umri wa miaka 75 na kuendelea walifuatiliwa kwa takriban miaka sita. Baadhi walipewa miligramu 120 za ginko mara mbili kwa siku, na wengine walipewa vidonge visivyo na dawa yoyote. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kwamba waliotumia ginko hawakukingwa dhidi ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kijana mwenye afya njema ana sababu ndogo zaidi ya kutumia fedha za chakula kununua vidonge hivyo, na kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, ginko inaweza kumwongezea hatari ya kutokwa na damu.

Vinywaji vya kuongeza nguvu ni suala la kafeini na sukari. Kafeini huondoa usingizi kwa muda, lakini ikinywewa usiku humnyang'anya mwanafunzi usingizi ambao ndani yake ubongo huimarisha yale yaliyosomwa mchana. Njia iliyothibitika ni ya bure: funga daftari, andika unachokumbuka, lifungue uone ulipokosea, kisha rudia baada ya siku mbili na tena baada ya wiki. Ni ushauri usiouzika kwenye chupa, na nadhani ndiyo maana hautangazwi stendi.

Mama yangu ana miaka 72, tunaishi Kibaigwa. Anarudia swali lile lile na anasahau sufuria jikoni mpaka chakula kinaungua. Anatumia dawa za kisukari na za presha. Jirani ametuletea mizizi ya kuchemsha. Tumpe?

Kwa sasa msimpe. Sina nia ya kumdharau jirani yenu, lakini mimea mingi hushusha sukari au presha, na ikichanganywa na vidonge anavyotumia mama, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Sukari iliyoshuka nayo huleta kuchanganyikiwa, kwa hiyo mnaweza kumzidishia tatizo lile lile mnalotaka kuliondoa.

Kabla ya kutafuta dawa ya kusahau, inafaa itafutwe sababu ya kusahau, kwa kuwa baadhi ya sababu hutibika. Anzeni na dawa zenyewe. Metformini, ambayo wagonjwa wengi wa kisukari huitumia, ikitumiwa kwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo huleta usahaulifu pamoja na ganzi miguuni. Kisha angalieni kama mama ana mazoea ya kumeza piritoni kila anapopata mafua, muwasho au usiku wa kukosa usingizi. Dawa hiyo tunaiona ya kawaida kwa sababu inapatikana kila duka la dawa, lakini kwa mzee inaweza kuuzubaisha ubongo na kumfanya aonekane ana ugonjwa mkubwa kuliko alio nao.

Mpelekeni kituo cha afya akapimwe presha, sukari, wingi wa damu na utendaji wa tezi ya shingo, na pale inapowezekana vitamini B12. Apimwe pia VVU na kaswende, kwa sababu magonjwa yote mawili yanaweza kuathiri ubongo, na umri wa miaka 72 si sababu ya mtaalamu kuona haya kuvitaja vipimo hivyo. Mwelezeni daktari kama mama anasikia vizuri. Mzee asiyesikia swali hawezi kukumbuka jibu lake. Aulizwe pia kuhusu huzuni, hasa kama amefiwa, maana huzuni nzito ya uzeeni mara nyingi hujionyesha kwa sura ya usahaulifu. Jambo moja halisubiri foleni ya kliniki: kama kuchanganyikiwa kulianza ghafla, ndani ya saa au siku chache, mkimbizeni hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda ni maambukizi, kiharusi au sukari iliyoshuka.

Vipimo visipoonyesha sababu ya kutibika, yawezekana mama ana ugonjwa wenyewe wa kupoteza kumbukumbu. Si ugonjwa wa Wazungu, kama baadhi yetu tunavyodhani. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kutolewa mwaka 2013 uliukuta kwa takriban wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Kwa hali hiyo Hospitali ya Mirembe iko hapa hapa Dodoma, nanyi msiogope jina lake: anayepelekwa kliniki ya Mirembe amekwenda kutibiwa ubongo, na majirani wanaosema vingine waacheni waseme. Endeleeni pia kuisimamia dawa ya presha, isikatwe. Jopo la wataalamu wa jarida la kitabibu la Lancet lilitaja mwaka 2024 mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa huu na yanayoweza kurekebishwa, na presha, kisukari na kupungua kwa usikivu vimo.

Mwanangu yuko darasa la nne, Manyoni, na hashiki masomo. Nimeambiwa mlonge huongeza akili. Ni kweli?

Majani ya mlonge ni chakula kizuri, lakini sijui ushahidi unaoonyesha kwamba yanaongeza akili kwa mtoto mwenye afya. Yanachoweza kufanya ni kuziba pengo la lishe. Mtoto aliyepungukiwa na madini ya chuma huchoka upesi na hushindwa kutulia darasani, na majani hayo, sawa na mchicha na majani ya kunde, yana madini hayo. Mpikie, kisha mpe na juisi ya ubuyu, ambao kwenu haukosekani, kwa sababu vitamini C iliyomo husaidia mwili kufyonza chuma cha mboga. Chai ya rangi inywewe mbali na mlo, kwa kuwa hufanya kinyume chake. Tumieni majani tu. Mizizi na magome ya mlonge yana sumu, na mjamzito asiyaguse kabisa.

Mama, nakuomba uangalie pia mambo ambayo hayana uhusiano na mti wowote. Je, anakunywa uji kabla ya kwenda shule? Amepewa dawa za minyoo? Chumvi ya nyumbani ina madini joto, na inahifadhiwa kwenye chombo chenye mfuniko? Anaona ubao? Kama mwalimu anasema mtoto huduwaa kwa sekunde chache katikati ya somo kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, mpeleke akachunguzwe kifafa, kwa sababu ipo aina isiyoangusha mtoto chini.

Mimi ni mkulima wa zabibu, Hombolo. Nasikia divai nyekundu inalinda ubongo. Ninywe kiasi gani?

Hakuna kiasi ninachoweza kukuandikia. Kemikali inayosifiwa, resveratro, imo kwenye ganda la zabibu, lakini lita moja ya divai kwa kawaida huwa na miligramu chache tu, ilhali majaribio kwa wagonjwa yametumia hadi gramu mbili kwa siku, kiasi ambacho kingehitaji divai ya kujaza mapipa. Pombe ikizidi huharibu ubongo wenyewe. Kula zabibu, na divai uiuze.

Manjano na rozimari je?

Manjano tumieni kwenye mboga kama kiungo. Kiini chake hufyonzwa kwa shida sana, na pilipili manga huongeza ufyonzwaji huo, lakini faida yake kwa kumbukumbu bado haijathibitika. Ushauri wangu ni kununua manjano mazima na kuyasaga wenyewe, kwa sababu katika baadhi ya nchi, Bangladesh ikiwemo, unga wa manjano umewahi kukutwa na rangi yenye madini ya risasi, na madini hayo ni sumu ya ubongo, hasa wa mtoto. Rozimari ina harufu inayochangamsha; zaidi ya hapo ni kiungo cha nyama.

Mganga mmoja amemwambia kaka yangu avute moshi wa mbegu za mnanaha ili akili ifunguke. Ameanza. Tufanye nini?

Mzuieni leo. Mnanaha una atropini na skopolamini, kemikali zinazozuia mawasiliano yale yale ya ubongo yanayotengeneza kumbukumbu. Akizidisha, mdomo utakauka, mboni za macho zitapanuka, moyo utaenda mbio, ataongea na watu wasiokuwapo, na anaweza kufa. Mkiona dalili hizo mpelekeni hospitali na mtaje jina la mmea bila kuficha.

Ninatibu kwa miti shamba hapa Kondoa, kama baba yangu. Mbona mnatupuuza, wakati dawa za hospitali nazo zinatoka kwenye miti?

Hoja yako ina uzito, mzee wangu. Galantamini, dawa inayotumika hospitalini kwa ugonjwa wa Alzheimer, ambao ni aina mojawapo ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, inatokana na ua dogo jeupe la Ulaya. Wanasayansi wa Bulgaria waliifanyia kazi miaka ya 1950, na Marekani iliiidhinisha mwaka 2001. Afrika nayo imetoa mchango wake. Maharage ya Calabar, Nigeria, yaliyotumiwa kwa kiapo kama mwavi, yaani sumu ya kumpima mtuhumiwa, yana kemikali iitwayo fisostigimini, ambayo madaktari wameitumia kutibu sumu kama ile ya mnanaha, na ambayo muundo wake ulizaa dawa nyingine ya Alzheimer, rivastigimini. Hata hivyo, dawa zote hizo hupunguza dalili kwa muda tu bila kuponya, na hutolewa kwa miligramu, kwa sababu nguvu ya mmea hubadilika kufuatana na udongo, msimu na sehemu iliyochumwa.

Kama hujajisajili, fanya hivyo katika Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2002. Na kama una mti unaoamini unasaidia kumbukumbu, ipo taasisi ya tiba asili katika Chuo Kikuu cha Muhimbili inayochunguza mimea ya namna hiyo. Andika jina lake kwa Kirangi, sehemu unayotumia na kipimo unachompa mgonjwa, kisha kausha tawi lenye ua au tunda ndani ya gazeti, kwa sababu bila ua au tunda wataalamu wa mimea mara nyingi hushindwa kuutambua mti kwa uhakika.