Mtoto tuliyemwasili anaficha chakula, na jando limekaribia

SWALI: Tuko Nachingwea. Mwanetu tulimwasili akiwa na miaka 3, tulimtoa makao ya watoto. Sasa ana 8. Anaficha mihogo na vitumbua chini ya godoro, na ukimgombeza anasema, "Basi nirudisheni." Hatujawahi kumwambia. Ndugu wanataka aingie jando likizo ya Desemba. Nifanyeje?

JIBU: Mama, mtoto asiyejua lolote angetaka arudishwe wapi? Keshasikia, pengine kwa wenzake, ila hana wa kumuuliza. Anawapima kama mtamshika au mtamwachia. Najua neno hilo linakuchoma, lakini si utovu wa adabu. Kila akilitoa mjibu kwa upole: "Hapa ndipo kwenu. Harudishwi mtu."

Kuhusu chakula, mtoto aliyewahi kukosa uhakika wa kula au wa mtu wa kumlisha hubaki na hofu hata sufuria ikijaa kila siku. Usimchape wala kumwaibisha mbele za watu. Mpe kopo lenye kifuniko, tia karanga au korosho, liwe lake. Likiisha lijaze bila kumhoji. Mkubaliane tu kwamba vilivyopikwa vinakaa jikoni. Tabia hii hupungua taratibu, kwa hiyo mvumilie.

Kumweleza, mwelezeni kabla ya jando. Asiende kuusikia ukweli huo kwenye utani wa wenzake. Kaeni naye wewe na baba yake, siku isiyo na ugomvi: "Ulizaliwa na mama mwingine. Sisi tulikwenda mahakamani kuomba uwe mwanetu, tukakubaliwa." Akiuliza kwa nini mama yake hakumlea, nanyi hamjui sababu, semeni hamjui. Msibuni sababu, na msimseme vibaya mama huyo hata kidogo. Mkitaka kujua kilichoandikwa kwenye jalada lake, anzeni kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Atauliza tena na tena, na kila mara ajibiwe.

Kisha kuna mjomba. Huko kwa Wamwera unajua uzito wa neno lake, na naona hapa ndipo familia nyingi zinapojisahau: baba na mama wamempokea mtoto, ukoo bado. Mwite kaka yako sasa, wazoeane, aende naye shamba, amtambulishe kwa watu kuwa ni mpwa wake. Yeye ndiye azungumze na kungwi mapema. Na mtoto akisema hayuko tayari mwaka huu, waambie ndugu wasubiri mwakani.