Kabla ya bakora, muulize mtoto dunia anaionaje

Juzi usiku, nimeshasali Isha na kukunja msala, simu ikalia. Ujumbe wa sauti, dakika nne na kitu, kutoka kwa mama mmoja wa Wete ambaye huwa ananisoma. Kanipa ruhusa ya kuyaeleza, ila mengine nayaacha kwa sababu ni ya nyumbani kwake. Kijana wake ana miaka 15. Tangu Ramadhani kavunja kioo cha dirisha, kampiga mdogo wake mpaka damu ikamtoka puani, chuo cha Qurani hataki kwenda kabisa, na skuli anakwenda siku anayotaka mwenyewe. Akiulizwa, kimya. Baba mtu kamtandika bakora, wapi. Shangazi mtu kasema mtoto kafanyiwa, akapelekwa kwa shekhe, akanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya za Qurani, siku saba, wapi. Mwisho wa ujumbe sauti ikamkatika mama, akasema: "Mwalimu, mie mwanangu simjui tena."

Nimeusikiliza mara tatu. Mara ya tatu nikasikia kitu ambacho mwanzo kilinipita, nitakirejea. Lakini kwanza nililia, na sioni haya kulisema, maana maneno hayo hayo yalisemwa juu yangu, na miaka mingi baadaye nikayasema mie juu ya mtoto niliyemzaa.

Mie mtu wa Pemba, upande wa Konde. Nilikuwa na miaka 13 baba alipomwacha mama. Naiona mpaka leo ile asubuhi: mama anafunga vyombo vyake ndani ya shuka, masufuria mawili, mbuzi ya nazi, kanga zake za harusi, na mie nimesimama mlangoni na sare ya skuli. Hakuna aliyenambia neno. Kwetu watoto hawaambiwi. Nikabaki kwa baba na mama wa kambo, kisha nikapelekwa kwa ami, kisha kwa bibi mzaa mama. Nyumba tatu kwa mwaka mmoja na nusu.

Mtoto asipoambiwa sababu, huitunga mwenyewe. Niliyoitunga mie ni kwamba mama kaondoka kwa sababu yangu, na kwamba kila atakayenipenda ataondoka, basi bora nimfukuze mwenyewe kabla hajaniacha. Watu walikuwa wakishangaa kwa nini wanaonichokoza nawaacha na wanaonifanyia wema ndio nawapiga. Mie nilikuwa sishangai. Chuoni kulikuwa na msichana mmoja mpole, siku moja kanikatia nusu ya muhogo wake wa kuchoma, nami nikamrushia usoni na kumvuta ushungi mpaka ukachanika. Ustadhi hakuuliza. Alinisimamisha mbele ya chuo kizima akasema: "Huyu moyo wake umeshapigwa muhuri." Nina miaka 44 sasa. Sauti ile bado naisikia, na sijamsamehe kama ninavyotakiwa kumsamehe.

Aliyenitoa humo ni bibi yangu, na hakunitoa kwa mawaidha. Ulikuwa msimu wa karafuu. Jioni tumekaa na pakacha katikati, tunachambua. Aliyekulia Pemba anaijua kazi hii: unakamata kishada, unakikandamiza kwenye kiganja huku unakizungusha kidogo, karafuu zinadondoka huku, makonyo unayatupa kule, na vidole vinanuka karafuu hata siku ya pili ukila wali. Uzuri wake ni kwamba macho yote yako kwenye mikono. Hakuna anayemkodolea mwenzake. Bibi akauliza, bila kuinua kichwa: "Wee unadhani mamako kaondoka kwa nini?"

Nikasema, "Kwa ajili yangu."

Akaacha kuchambua. Akaniangalia muda. Kisha akanambia kila kitu: kwamba baba alioa mke wa pili kwa siri, kwamba mama alitaka kunichukua na baba akakataa, kwamba mama alilia njia nzima mpaka Wete. Mwaka na nusu nilikuwa nagombana na watu kwa ajili ya hadithi ambayo haikuwa kweli.

Sikubadilika siku ile. Nilipigana tena wiki ile ile. Lakini hadithi ilikuwa imeshapata ufa. Miaka iliyofuata naiacha. Nikasoma, nikawa mwalimu, nikavuka kuja Unguja, nikaolewa, nikazaa watatu.

Na pamoja na yote niliyopitia, mwanangu wa kati alipofika miaka 14 nikafanya yale yale ya ustadhi. Alianza kwa kufunga mlango wa chumba. Kisha matokeo ya kidato cha pili yakaja mabaya. Kisha ugomvi. Siku moja uwanjani kijana mwenzake kamgonga bega wakigombania mpira, na mwanangu akamrukia shingoni. Nilipomuuliza alisema: "Kanifanyia makusudi." Wote waliokuwepo walisema ni bahati mbaya. Mie nikamwita mwongo mbele ya ndugu zake, nikamwambia ataishia maskani na wavuta bangi.

Hakuwa mwongo. Baadaye nilisoma kwamba mtafiti wa Marekani, Kenneth Dodge, alilionesha jambo hili tangu mwaka 1980: wavulana wagomvi, wakifanyiwa kitu ambacho hakieleweki kama ni cha makusudi au la, mara nyingi wao hukiona ni cha makusudi, na hasira yao inafuata walichokiona. Mtoto aliyekwishaamini kwamba dunia inamchukia atauona uadui hata kwenye bega lililomgusa kwa bahati mbaya. Mie nilikuwa napigana na ngumi zake, na tatizo lilikuwa kwenye macho yake.

Usiku mmoja, umeme umekatika, tumekaa ukumbini kila mtu na lake, akasema kutoka gizani: "Mama, hata nikisoma. Kazi wanapewa wenye watu wao. Sie hatuna mtu."

Jibu la mwalimu lilinijia mdomoni: si kweli, soma tu utafanikiwa. Nikalimeza. Na hapa naomba wazazi wenzangu mnielewe vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapoanguka. Alichokisema kina ukweli ndani yake. Mtaani kwetu kuna kijana mwenye diploma ya utalii anauza vocha kibandani, na mwanangu anampita kila siku akienda skuli. Ukimwambia mtoto kwamba anachokiona kwa macho yake hakipo, umemfundisha kwamba wewe si mtu wa kuambiwa mambo. Nikamuuliza tu: "Tangu lini unaiona hivyo?"

Alikaa kimya mpaka nikadhani kalala. Kisha akaeleza. Alichaguliwa timu ya wanafunzi, jina lake limeshaandikwa, halafu mtu mzima mmoja akamuuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Akajibu. Kesho yake jina halipo. Jambo lile lilikuwa na mwaka mzima tumboni mwake, na mie mama yake nilikuwa nahesabu alama za hisabati.

Tulikwenda kuonana na muuguzi wa afya ya akili. Nilipolitaja hilo nyumbani, mama mkwe akaniuliza kwa mshtuko kama nampeleka mtoto Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili hapa Unguja, kana kwamba kutaja hospitali ile ni kutaja kaburi. Muuguzi akachukua karatasi, akaandika maneno matatu: Mimi. Dunia. Kesho. Akatueleza kwamba daktari wa Marekani, Aaron Beck, aliligundua hili miaka ya 1960 kwa wagonjwa wenye sonona: mawazo yao mabaya yanazunguka sehemu hizo tatu, wanavyojiona wenyewe, wanavyoiona dunia, na wanavyoiona kesho yao. Akampa mwanangu kalamu. Kwenye Mimi akaandika, "Sina mtu." Kwenye Dunia akaandika, "Ina wenyewe." Kwenye Kesho hakuandika kitu. Akairudisha karatasi na nafasi ile tupu.

Karatasi ile ninayo kabatini, ndani ya cheti chake cha kuzaliwa.

Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya kila saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kwenye darasa la watoto 45, hao ni sita. Nimesimama mbele ya madarasa kwa miaka 19, na najua wangapi kati ya sita hao nimewatoa nje na kuwaita wajeuri.

Basi wazazi, kaeni na watoto wenu. Sisemi mkae muwahoji kama polisi. Kaeni nao mikono ikiwa na kazi, mkichambua mchele, mkitengeneza baiskeli, mkiparua samaki. Ulizeni dunia wanaionaje, na jibu likija baya msilirukie. Msimwite mtoto jina mbele za watu. Narudia: msimwite mtoto jina mbele za watu, maana yeye atalichukua akaishi nalo. Dua msiache, mie mwanangu namsomea kila usiku. Lakini mtoto ambaye kila siku anasikia habari za moto wa Jahannamu, na hajasikia kutoka mdomoni mwako kwamba Mungu hamtupi mja wake, atajiona ameshatupwa. Na akianza kusema bora afe, au wiki mbili zikapita hapati usingizi wala hali chakula, usingoje mtu wa kukushauri, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mwanangu sasa ana miaka 17. Anajifunza ufundi wa mashine za boti, na mwezi uliopita alinipigia simu nikiwa darasani, nikatoka nje nikidhani kuna msiba, kumbe anataka niisikie mashine aliyoifungua na kuifunga mwenyewe ikinguruma. Nilisimama kwenye kibaraza cha skuli nikiisikiliza.

Sasa wewe, mama wa Wete. Katikati ya ujumbe wako, baada ya kioo na kabla ya kombe, ulisema kwa haraka kwamba babu yake aliyemlea alifariki mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, kijana akiwa Unguja kwa shughuli ya harusi, na mkazika Alasiri ile ile. Ukapita. Sie watu wazima tunajua maiti hacheleweshwi. Yeye je, nani alimweleza kwa nini hamkumngoja? Anadhani nini kuhusu siku ile? Muulize hilo, na kioo kiache kwanza.

Ijumaa napanda boti kuja Pemba. Bibi hayupo tena ila mikarafuu yake ipo, na msimu umeshaanza. Mlete kijana Konde, aje atusaidie kuchambua.