Dokta Anajibu: Tunahama, Mbwa na Paka Tuwafanyeje?

Mwezi huu meseji zinazohusu kuhama zimekuja nyingi kuliko za minyoo, na hiyo si kawaida kwenye safu hii. Nimechagua tatu.

Swali: Shkamoo dokta. Mume wangu kapata uhamisho, tunatoka Tabata, Dar, tunahamia Mwanza, zimebaki kama wiki nne. Vyombo vitaenda na Fuso, sisi na watoto wawili tutaenda na Noah yetu. Shida yangu ni Chui, mbwa wa miaka minne ambae hajawahi kupanda gari toka azaliwe, na paka wetu Nyau. Dereva wa Fuso anasema mbwa atamfunga juu ya vyombo, ameshabeba wengi tu. Jirani nae kaniambia Nyau nimtie kwenye gunia nimzungushe mara saba asikumbuke njia ya kurudi, alafu nimpe Piriton alale. Nifate lipi? – Mama Ima, Tabata

Jibu: Marahaba Mama Ima. Gunia achana nalo kabisa. Toka Mwanza mpaka Tabata ni zaidi ya kilomita 1,100, Nyau hana ubavu wa kurudi hata umwonyeshe ramani. Anachoweza ni kupotea hukohuko Mwanza siku ya kwanza, mlango ukiachwa wazi wakati mnashusha makochi, na hapo ndo paka wengi wa wanaohama wanapoishia. Sasa mtu akimzungusha kwenye gunia mara saba anapata paka mwenye kizunguzungu na hasira, basi.

La Fuso pia hapana. Juu ya vyombo kuna jua, upepo, na ile kamba yenyewe, maana mbwa akishtuka akaruka upande ananing'inia na dereva huko mbele anasikiliza redio zake hajui kitu. Na usije ukapata wazo la buti la basi, nishaletewa mbwa aliyesafiri hivyo toka Dodoma mpaka Dar mchana kweupe, kondakta alikuwa kawaambia wenyewe kuna hewa ya kutosha, walipofungua buti alikuwa ameshakufa na povu mdomoni. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anapoza mwili kwa kuhema na ulimi nje, sasa kama hewa anayohema ni ya moto hana pa kukimbilia. Hata Noah yenu mkiipaki juani madirisha yamefungwa, ndani ya dakika 10 tu joto linaweza kupanda digrii 10 juu ya lile la nje, kwa hiyo hakuna cha "twende wote tukale chapchap tunarudi", mmoja wenu abaki nao.

Cha kwanza wiki hii, cheki kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama imepita mwaka, au kadi yenyewe haionekani (naijua hiyo droo ya kabati), nenda ukachanje leo au kesho, Chui na Nyau wote, maana mnyama anaechanjwa mara ya kwanza unampa kama siku 21 kinga ikae sawa. Wiki nne mnazo, zikibaki mbili tutaanza kulaumiana. Siku chache kabla ya safari pitia kwa afisa mifugo wa manispaa awacheki na akuandikie kibali cha kuwasafirisha, karatasi hizo na kadi uweke kwenye pochi yako na sio kwenye boksi lililoko kwenye Fuso.

Sasa mazoezi ya gari. Huyu Chui miaka minne hajapanda gari, ukimpandisha siku ya safari atatapika kabla hamjafika Kibaha. Anza hivi: gari limepaki, injini imezimwa, milango wazi, mpe chakula chake cha jioni humo ndani, siku mbili tatu. Alafu mlango ufungwe, injini iwashwe, msiende popote. Alafu mpaka Buguruni na kurudi. Alafu mbali zaidi. Mwangalie mdomo, akianza kudondosha udenda na kulambalamba midomo kila sekunde huyo kichefuchefu kimemkamata, rudi hatua moja nyuma na kesho tena. Akigoma kabisa kuzoea njoo tukupe dawa ya kichefuchefu ya wanyama, na uijaribu siku moja nyumbani kabla ya safari.

Hiyo Piriton usimpe. Kuna paka wakipewa dawa za namna hiyo badala ya kulala wanacharuka, na mnyama aliyeleweshwa kienyeji anashindwa hata kujishikilia gari likikata kona. Na hapohapo niseme, maana najua mtu akikosa Piriton anafungua droo ya pili: Panadol au chochote chenye parasetamo kinaua paka, kidonge kimoja kinatosha, sitanii.

Nyau anataka kitu cha kufungwa. Vikapu vya plastiki vya paka vinauzwa, ila bei imekaa vibaya, hata lile tenga la plastiki la kuku linafaa ukikaza mlango wake kwa waya. Kosa la wengi ni kulileta tenga asubuhi ya safari, paka anaona kitu kigeni na watu wanamkimbiza, anaingia chini ya friji na hapo mmeshapoteza saa nzima. Liweke sebuleni kuanzia leo, mlango wazi, ndani tandika ile kanga uliyolalia juzi, usiifue, harufu yako ndo dawa yenyewe. Rusha dagaa mmojammoja humo ndani kila jioni. Baada ya wiki utamkuta kalala humo mwenyewe kajikunja, hapo ndo unaanza kumfungia dakika tano, kumi, nusu saa. Siku ya kufunga vyombo mfungie chumba cha mwisho kuhamishwa, yeye na tenga lake, na mlangoni bandika karatasi USIFUNGUE, wabeba mizigo hawana habari na paka wako.

Siku yenyewe, mlo wa mwisho uwe jana yake jioni, kidogo, maji wanywe kama kawaida. Tokeni saa kumi alfajiri. Dodoma ni kama kilomita 450, mkienda kistaarabu sehemu kubwa ya njia mtaimaliza jua halijawa kali sana, na kwa wanyama mi ningewashauri mlale hapo, au Singida kama nguvu zipo, kuliko kuunganisha moja kwa moja. Gesti piga simu mapema useme una mbwa, usifike nae usiku mapokezi. Kila masaa mawili matatu simameni Chui akojoe anywe maji, na kamba iwe mkononi mwako KABLA mlango haujafunguliwa, mbwa akichomoka pale Gairo kwenye malori utamkimbiza na nani? Nyau usimtoe njiani hata alie namna gani, na atalia, watoto waambie mapema. Funika tenga kwa kanga nyepesi, akiwa haoni vitu vinavyopita anatulia. Gestini funga mlango na madirisha, muwekee mchanga kwenye karai, ndo umfungulie.

Na Singida najua mtanunua kuku wa kienyeji, nani anapita Singida asinunue. Mifupa msimpe Chui, ikishapikwa inapasuka vipande vyenye ncha na mkiwa mnashuka Sekenke hakuna daktari wa kumtoa mfupa kooni.

Mkifika, Nyau chumba kimoja na kanga yake na mchanga wake, siku kadhaa, alafu nyumba nzima, nje asitoke mpaka zipite wiki mbili tatu. Chui wiki ya kwanza atembee na kamba tu hata kama geti lipo, na kwenye mkanda wake wa shingoni andikeni namba ya simu ya yeyote kati yenu. Dawa ya kupe mpake kabla ya safari, kule atakutana na kupe wapya na mbwa wa mtaani wapya.

Swali: Habari daktari. Sisi tuko Nairobi, bwanangu amepata job Ujerumani na tunasafiri mwezi ujao. Tuna mbwa ana 2 years, chanjo yake ya rabies iko sawa, si hiyo inatosha? – Wambo, Ruaka

Jibu: Salama Wambo. Haitoshi, na mwezi ujao hamtasafiri nae, bora nikwambie sasa kuliko uambiwe eapoti. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Ulaya inazipunguzia masharti ya kichaa cha mbwa. Kwanza awekwe maikrochipu, kile kidude kidogo cha utambulisho kinachokaa chini ya ngozi, na hapa wengi wanaumia: kama alichanjwa kabla ya chipu, chanjo hiyo hawaihesabu, anachanjwa upya. Zikipita siku 30 toka chanjo anatolewa damu inapimwa kwenye maabara wanayoitambua, kinga ifike 0.5 IU kwa mililita au zaidi. Alafu unasubiri miezi mitatu toka siku ya kutolewa damu. Piga hesabu, ni zaidi ya miezi minne kama unaanza leo. Cheti cha afya ndo kinakuja mwisho kabisa, mnatakiwa muwe mmeingia ndani ya siku 10 toka kitolewe.

Na kama mnawaza kumwachia ndugu, tuseme shangazi, alafu amtume kwa kago baadae, hilo nalo lina mtego wake, maana ili ahesabike ni mnyama wa familia, safari yake na ya mwenyewe zisipishane zaidi ya siku tano, zikipishana anaingia kwenye masharti ya biashara. Kwa hiyo panga kabisa nani atarudi kumchukua, wewe au bwana. Damu ikishapita na chanjo zisipokatika hata siku moja hamtarudia kipimo, so hiyo booster, yaani chanjo ya kurudia, msiisahau huko kwa shangazi.

Swali: Assalaam alaykum dokta. Nahamia Muscat kwa mwanangu, nataka kwenda na kasuku wangu wa kijivu, ana miaka tisa na ananiita jina. Nimtie kwenye begi la mkononi? – Bi Z., Unguja

Jibu: Waalaykum salaam bi mkubwa. Begi la mkononi la! Kasuku wa kijivu toka 2017 yuko kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi wa biashara ya wanyamapori duniani, CITES, na anahitaji kibali cha kutoka huku na kibali cha kuingia Oman. Bila hivyo vyote viwili watamchukua, na wewe utakuwa na kesi ya kujibu ugenini. Anza na mamlaka ya wanyamapori kabla hujakata tiketi yako, na uende na ushahidi wowote wa ulivyompata. Kama ushahidi huna, waulize hapohapo nani anaruhusiwa kukaa nae Unguja, na kama hiari ni yako basi chagua mtu anaeongea sana, kasuku akikaa siku nzima bila mtu wa kuongea nae anaweza kuanza kujinyofoa manyoya.