Mlimani, Mzumbe au UDOM: jina la chuo linasaidia wapi hasa?

Dada, nimesoma swali lako mara mbili. Mdogo wako kamaliza kidato cha sita, kombi ya EGM (uchumi, jiografia na hisabati), kachaguliwa vyuo vitatu: Uchumi Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Uhasibu na Fedha Mzumbe kule Morogoro, Takwimu UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwenyewe anataka uhasibu. Mjomba naye anasema mtoto hawezi kuitwa Mlimani akaenda kwingine, na mjomba ndiye mwenye hela ya kumwanzishia maisha. Dirisha la kuthibitisha linafungwa wiki ijayo, nyumba nzima hamuelewani aende wapi. Waliotangulia hapa juu wamekujibu kama watu wa Simba na Yanga, kila mmoja anapigia debe alikosoma. Mimi nimepita UDOM na Mlimani, na watu wa Mzumbe nimekaa nao ofisi moja zaidi ya miaka kumi. Ngoja niseme nilichokiona.

Nilianza UDOM 2008. Chuo kilikuwa kimefunguliwa 2007, yaani sisi tulikuwa wa pili kuingia. Ukitoka nje ni vilima, upepo na vumbi jekundu. Nikienda nyumbani likizo, wenzangu waliokuwa Mlimani wananipokea na swali moja: "Vipi huko chuo cha kata?" Ndiyo miaka shule za kata zilikuwa zinaota kila kona, kwa hiyo utani ulipata pa kushikia. Nilikuwa nacheka nao, ila moyoni inachoma. Mama yangu kijijini akiulizwa mwanao anasoma wapi, anajibu "yupo Mlimani." Hakuwa anadanganya. Kwa watu wa umri wake kila chuo kikuu ni Mlimani, kama kila dawa ya meno ilivyo Colgate.

Na ukifuatilia historia utaona mama hakukosea sana. Mlimani ilianza 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, ikianzia jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, ikaja kuwa chuo kikuu kamili 1970. Toka hapo hadi 1984, nchi nzima hakukuwa na kingine. Miaka 14! Ukikutana na mzee yeyote aliyesoma digrii hapa nyumbani enzi hizo, alisoma Mlimani, iwe udaktari, uhandisi, sheria au kilimo. Kikwete katoka pale, Magufuli katoka pale, Museveni naye katoka Uganda akaja kusoma pale. Sasa jina lisikue vipi?

Kitu ambacho watu hawakihesabu ni kwamba viungo vya jina lile vilishahama. Kilimo cha Morogoro kilikuwa kitivo cha Mlimani, kikajitenga 1984 kikawa SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Muhimbili nayo ilikuwa chini ya Mlimani, ikawa chuo kikuu kamili 2007. Chuo Kikuu Ardhi hivyo hivyo, 2007. Kwa hiyo mjomba anaposema "madaktari wote wakubwa walisoma Mlimani" anasema kweli ya zamani. Leo ukitaka udaktari wenye jina unasema Muhimbili, na hakuna anayebisha. Ukitaka mifugo au misitu ni SUA, ambako hata panya wana digrii yao (wale wanaofundishwa kunusa mabomu na kifua kikuu, Magawa aliyepewa nishani ya dhahabu 2020 kwa kazi yake Kambodia alizaliwa na kufundwa pale). Upimaji, ramani na mipango miji, Ardhi. Mtu akikwambia Mlimani inazidi Ardhi kwenye mipango miji kwa sababu ni Mlimani, huyo anapenda geti la Mlimani tu.

Mzumbe ndiyo inayoonewa kuliko zote kwenye mabishano haya, kwa sababu ilipata jina la chuo kikuu 2001 tu na wengi wanadhani ndiyo umri wake. Pale palianza 1953 kama shule ya serikali za mitaa, 1972 ikawa IDM, chuo cha uongozi wa maendeleo. Hadi leo ukiingia halmashauri yoyote, mweka hazina au afisa utumishi wa makamo hasemi "nimesoma Mzumbe," anasema "mimi ni wa IDM," tena kifua mbele. Rais Samia kapita pale, stashahada ya juu ya utawala, 1986. Kwa hiyo kijijini kwa mjomba Mzumbe ni shule ya sekondari ya vipaji, lakini kwenye korido za serikali ni jina zito. Jina la chuo linategemea limetajwa kwenye chumba gani.

Sasa nikupe kisa changu. Nilimaliza 2011. Mwaka uliofuata nikaitwa usaili kwenye kampuni moja ya Dar, jina nalihifadhi. Mezani watu watatu. Mmoja kafungua bahasha yangu, kaangalia cheti, akauliza: "UDOM. Kwani Mlimani hukupata?" Nikajikanyaga. Nikaanza kueleza habari za ada, sijui kombi, sijui nini. Nilitoka mle najua nimekosa, na kwa miezi kadhaa nilimweleza kila mtu kwamba nimekataliwa kwa sababu ya chuo. Halafu nikaja kugundua aliyeipata nafasi ile. Ni jamaa niliyekaa naye chumba kimoja UDOM, kitanda cha juu! Yeye Excel alikuwa anaijua kweli, mimi nilikuwa nimeiandika kwenye wasifu. Na lile swali la Mlimani aliulizwa pia. Kajibu "nilipata, nikachagua UDOM," uongo mtupu, wakacheka, wakaendelea.

Sisemi kwamba jina halina kazi. 2014 nilikwenda kusoma shahada ya uzamili Mlimani na nikaona tofauti kwa macho. Kwanza, upo Dar. Mwanafunzi anatafuta fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kwa daladala: benki, wizara, mashirika, vyote viko karibu, na ukikataliwa leo kesho unarudi. Kule Dodoma wakati wangu serikali ilikuwa haijahamia. Leo hadithi ni nyingine kabisa, wizara ziko mlangoni kwa UDOM, na nadhani hili litabadilisha jina la chuo kile kuliko majengo. Pili, waliomaliza Mlimani wamezagaa kila mahali na wanashikana mkono. Tatu, ukitaka kuomba masomo nje, profesa wa huko anaweza kuwa na mwenzake anayemfahamu pale, tangu enzi za akina Walter Rodney, yule mwanahistoria, wakifundisha. Kwa kijana anayetaka kuwa mwanauchumi mtafiti, aje asome hadi uzamivu, ningesema Mlimani bila kusita.

Lakini mdogo wako kasema uhasibu.

Ofisini kwetu (halmashauri, mimi niko idara ya mipango) kila mwaka tunapokea vijana wa fildi kutoka vyuo vyote. Wa Mlimani mara nyingi anakuja na maneno mazuri na anajua kuuliza swali ambalo bosi hakulitegemea. Wa UDOM wa takwimu mpe data ya madarasa na madawati, kesho asubuhi umeipata imepangika. Wa Mzumbe ukimwambia "kasma", "vocha", "hoja za mkaguzi", hakutolei macho. Wiki ya kwanza tu kashaanza kusaidia. Wapo wazembe kutoka kote kutatu, nao nimewaona, wanashinda na simu. Ila kama ni kuanza kazi ya hesabu za serikali, Mzumbe wanatangulia kwa hatua moja, ndivyo ninavyoona mimi.

Kuhusu ajira zenyewe: serikalini, tangazo la Sekretarieti ya Ajira linadai shahada kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali. Basi. Hakuna alama za ziada za geti. Unaitwa, unafanya mtihani wa kuandika na maelfu ya wenzako, ukipita unaingia wa ana kwa ana. Kwa sekta binafsi jina linaweza kukuita kwenye usaili, hasa kwa wakubwa waliosoma hapo hapo. Ukishaketi kwenye kiti, hapo ni wewe.

Tena kwenye fani zenye mtihani wa taaluma, jina linayeyuka mapema zaidi. Mnakumbuka 2022, matokeo ya Shule ya Sheria, wanakopita wenye shahada ya sheria wakitaka uwakili? Watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26. Wengine 342 wakapewa sapu, warudie mitihani, 265 wakadisko, yaani wakaondolewa. Wale walikuwa wametoka vyuo vya kila aina, vyenye jina na visivyo na jina, wote na shahada zao mkononi. Kwa mhasibu, geti lake la pili ni CPA, ule mtihani wa taaluma wa NBAA, bodi ya wahasibu. Mwajiri wa maana akiona CPA huwa hasogezi macho kutafuta digrii ilitoka wapi. Kwa hiyo swali la kumuuliza mdogo wako ni chuo kipi kitamtoa akiwa amejiandaa kukaa CPA mapema. Kati ya hizo barua tatu ni moja tu iliyoandikwa uhasibu. Angeitwa Mlimani kwa shahada ya biashara, upande wa uhasibu, tungekuwa na mjadala wa kweli na mjomba angekuwa na hoja. Kaitwa uchumi. Uchumi si uhasibu, na kuhama kozi ukishafika usikutegemee.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeligusa hapo juu: hela. Bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, ilipandishwa 2022 kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na ni ile ile ukiwa Dar au kando ya barabara ya Iringa kule Mzumbe. Akikosa hosteli za chuo, kodi ya chumba Dar, nauli asubuhi na jioni, foleni, chakula, elfu kumi inakatika kabla jua halijazama. Mzumbe chuo na mtaa ni kitu kimoja, anatembea kwa miguu, mama lishe anamjua, wiki ngumu anakopeshwa wali maharage. Mimi Dodoma niliweka akiba kwenye bumu nikanunua kompyuta mpakato iliyotumika. Nilipokuwa Dar nikiwa tayari na mshahara, sikuweka hata senti.

Kwa mjomba, usibishane naye kwa takwimu za mitandao zinazopanga vyuo vya Afrika. Nyingi zinahesabu machapisho ya walimu na ukubwa wa tovuti, na hapo Mlimani itawashinda, halafu mtakuwa mmempa silaha. Mwambie amtafute mweka hazina wa halmashauri yenu, wamefahamiana bila shaka, amuulize alisoma wapi. Akisema IDM, mwache mjomba arudi nyumbani akiwa amejiambia mwenyewe.

Kura yangu, Mzumbe. Ikishindikana kabisa nyumbani, Takwimu UDOM, kwa sababu mtu wa namba anaweza kuchukua masomo ya uhasibu pembeni na akafika. Athibitishe kabla ya siku mbili za mwisho, mfumo siku ya kufunga huwa mzito na ile namba ya siri ya kuthibitishia inachelewa kuingia kwenye simu. Akienda Mzumbe abebe sweta. Juni na Julai pale chini ya Uluguru asubuhi kuna baridi, na vijana wa EGM wanajua jiografia ya kwenye karatasi tu.