Dada wa Mafinga, isome wewe kwanza

Dada yangu, umesema wenzako wamegawanyika juu ya riwaya ya mapenzi inayosimulia upya ile hadithi ya "Beauty and the Beast", ya binti anayeshikiliwa na mnyama katika kasri lake: wengine wameipenda, wengine wanasema inamsifia mtekaji. Nawe unataka kujua kama umpe mdogo wako wa kidato cha tatu.

Isome mwenyewe kwanza hadi mwisho. Kwa baridi hii ya Mafinga, jioni mbili tatu chini ya blanketi zinatosha. Hadithi yenyewe ilichapwa Ufaransa mwaka 1740 na mwandishi Villeneuve, ndefu kwelikweli, kisha mwandishi mwingine, Beaumont, akaifupisha mwaka 1756. Katika hadithi ya Beaumont, mnyama humuuliza binti kila usiku kama atakubali kuwa mke wake. Binti anakataa, mnyama anaondoka kwa huzuni, halazimishi. Baadaye anamruhusu aende kumwona baba yake mgonjwa. Kwangu hapo ndipo penye uzito wote.

Basi mwangalie huyo mnyama wa riwaya yenu: akiambiwa hapana, anafanyaje? Akifunga mlango na mwandishi akauita huo upendo, wanaolalamika wana haki kabisa. Mambo ya chumbani yakizidi, mdogo wako amalize kwanza kidato cha nne.